Konserto ya violoni ya Sibelius: kazi moja, sura mbili

Jean Sibelius, mtungaji wa muziki wa Ufini, alizaliwa mwaka 1865, wakati inchi yake ilikuwa chini ya Urusi. Kijana alitaka kuwa mpiga violoni mkubwa, lakini hakufika. Aliacha sinfonia 7 na konserto moja tu ya violoni.

Konserto hiyo ilipigwa mara ya kwanza mjini Helsinki, mwaka 1904. Mpigaji alizidiwa, wakosoaji hawakuipenda. Sibelius akaikata na kuitengeneza upya; mwaka 1905 ikapigwa Berlin, Richard Strauss akiongoza orkestra. Ni hiyo wanamuziki wanapiga popote hadi leo. Ile ya kwanza ikafungiwa.

Sibelius alikufa mwaka 1957. Je, ni haki kutoa nje kazi ambayo mwenyewe aliificha? Zaidi ya miaka 30 kisha kifo chake, familia ilitoa ruhusa. Orkestra ya mji wa Lahti, kiongozi wake Osmo Vänskä, pamoja na Leonidas Kavakos, mpiga violoni wa Ugiriki, walirekodi zote mbili kwa diski moja, iliyotoka mwaka 1991.

Ya kwanza ni ndefu zaidi: katika sehemu ya kwanza, violoni inabaki peke yake mara mbili. Katika ya pili, mara moja tu. Mwenye kusikiliza zote anaweza kujiamulia kama Sibelius alikata vizuri.