Mbio za baiskeli za nyumbani: Kifaa kinapogeuka refa

DESEMBA 2020, janga la Covid-19 likiwa limevuruga kalenda ya michezo kote ulimwenguni, Jason Osborne wa Ujerumani alitawazwa bingwa wa dunia wa baiskeli bila ya kutia gurudumu barabarani. Kwa upande wa wanawake, taji lilimwendea Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hiyo chini ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, na yalifanyika kupitia programu ya Zwift, kila mshiriki akiwa kwake.

Ili kushiriki, mwendeshaji huondoa gurudumu la nyuma na kuifunga baiskeli kwenye kifaa kizito kinachokaa sakafuni. Anapokanyaga pedeli, vihisi vilivyomo ndani hupima msukumo wake pamoja na kasi ya mzunguko, na kutokana na viwili hivyo hupatikana nguvu, ambayo huhesabiwa kwa wati. Takwimu hizo hufika kwenye kompyuta bila ya waya, na sanamu yake ikasonga mbele kwenye skrini. Sanamu ikianza kupanda mlima, kompyuta huiamuru breki ya sumaku ikaze, na miguu ikauhisi mlima usiokuwepo.

Upimaji wa wati si jambo geni. Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer aliasisi kampuni ya vipimo hivyo, SRM, mnamo 1986. Shabaha ilikuwa mazoezi: kocha aliye mbali angeweza kusoma juhudi za mwanafunzi wake, na kipimo kikikosea kidogo hakuna aliyepokonywa medali. Katika mbio za nyumbani kipimo hicho ndicho refa.

Utata mkubwa umo katika uzani. Mlimani, kasi hutegemea zaidi wati kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 75 anayetoa wati 300 huhesabiwa wati 4 kwa kilo. Akidai ana kilo 60, zinakuwa 5, naye akawapita wenzake pasipo kutoa jasho la ziada. Kifaa hakimpimi uzani; huujaza mwenyewe. Ndipo waandalizi wa mbio kubwa wakaanza kudai video ya mshindani akiwa juu ya mizani. Mwaka huo wa 2020, washiriki walipewa vifaa vya aina moja, Tacx Neo 2T.

Hila nyingine hazihusu mwili kabisa. Mnamo 2019, shirikisho la Uingereza lilimvua Cameron Jeffers ubingwa wa taifa, likamtoza faini ya pauni 250 na kumfungia miezi 6. Kosa lake halikuwa la siku ya fainali. Baiskeli ya kwenye skrini aliyoitumia hupewa waliokwisha kupanda milima mingi, naye alikuwa ameipata kwa programu iliyompandia.

Oktoba 2024, UCI iliwakusanya wafainali wa mashindano ya dunia jijini Abu Dhabi. Mbio zilibaki za skrini, ila safari hii washindani walikanyaga pedeli katika ukumbi mmoja.