Seva Iliyolala Barazani

Mwaka 2017, muda mfupi baada ya kuhamia Kinyerezi, niliweka kompyuta kuukuu chini ya meza ya televisheni na kuipa kazi moja: kutunza hadithi za mama. Zilikuwa rekodi 41, nilizochukua kwa simu, mama akisimulia kwa Kizaramo na Kiswahili mambo ya Kisarawe ya utoto wake. Chini ya kila hadithi niliandika maelezo aliyonipa mwenyewe: neno hili maana yake nini, wimbo huu unaitikiwa wapi. Nikalipia anwani ya intaneti isiyobadilika, nikafungua milango yote ya seva, nikawatumia ndugu kiungo. Nikajiona mchapishaji.

Haikupita miezi mitatu. Asubuhi moja kurasa zilifunguka tupu. Ndani ya hifadhidata kulikuwa na ujumbe mmoja tu, wa Kiingereza, unaodai bitcoin. Rekodi nilikuwa nazo bado kwenye simu. Maelezo yalikuwa yamekwenda, na mama tulikuwa tumeshamzika.

Mpwa wangu anafanya kazi za mitandao. Alikuja Jumapili, akaketi na ile mashine dakika kumi.

"Mjomba, samahani. Hii seva umeilaza barazani. Mpaka mlango wa hifadhidata uko wazi kwa dunia nzima. Hukuweka hata proksi mbele?"

Nilinuna, nakiri. Halafu nikaanza kusoma, maana nikiumia huwa nasoma historia.

Proksi ya kwanza haikumlinda mwenye seva. Mwaka 1994 seva ya CERN, kule Uswisi, ilipewa uwezo huo na Ari Luotonen na wenzake ili watu waliofungiwa ndani ya mtandao wa ofisi waweze kufika nje. Yaani ni tarishi wa msomaji: unamtuma, anakwenda, anakuletea ukurasa, na anaweka nakala ili mwenzako akiuhitaji asitumwe tena. Mahali ambapo ofisi nzima iligawana laini moja ya setilaiti, nakala hiyo ilikuwa pesa. Baadaye mafundi walimgeuza tarishi, akakaa upande wa mwenye seva. Ndiyo maana wanamwita rivasi proksi, proksi ya kinyume.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa sana hapa. Nyumba za mawe za Lamu zina daka, kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango. Mgeni wa shughuli anapokelewa pale, anajibiwa pale, anaondoka bila kujua kiwanda kina ukubwa gani wala nani amelala ndani. Proksi ya kinyume ni daka. Dunia inaijua anwani yake tu. Yenyewe inapokea ombi, inalipeleka ndani, inarudi na jibu.

Nilidhani basi hiyo ndiyo hadithi yote, hadithi ya ulinzi. Kumbe sura yake nzito zaidi inahusu subira, na inatuhusu sisi.

Seva ya Apache, iliyoanza 1995, kwa kawaida ilimpa kila mgeni mhudumu wake. Mgeni mwenye laini ya kasi alichukua ukurasa na kuondoka. Mgeni wa modemu aliupokea tone kwa tone, na muda wote huo mhudumu amesimama naye, sinia mkononi. Wakijaa wageni wa namna hiyo, wahudumu wanakwisha, ingawa kazi yenyewe ni ndogo. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza vipi seva moja ihudumie wageni 10,000 kwa pamoja. Igor Sysoev, fundi wa Rambler kule Urusi, alianza kuandika nginx mwaka 2002 na kuitoa hadharani mwaka 2004. Ikiwekwa mbele ya Apache, inachukua jibu lote mara moja, inamwachia mhudumu aendelee na wengine, kisha yenyewe inamnywesha mgeni kijiko kwa kijiko. Inaweza kuwangojea maelfu bila kuchoka.

Wageni hao wa polepole walikuwa akina nani? Sisi pia tulikuwamo. Dar yote ilitegemea setilaiti, zile za kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Swali na jibu vilikula nusu sekunde hata kabla foleni haijaanza.

Juni 2009 Robert Hansen alitoa programu iitwayo Slowloris. Haikuvunja kitu. Ilifungua maunganisho mengi na kutuma maombi kidogo kidogo, bila kuyamaliza, mpaka wahudumu wa Apache wakaisha. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: silaha yenyewe ilikuwa kujifanya mtu wa Dar mwenye laini mbovu! Mwezi uliofuata, Julai, kebo ya SEACOM ikawashwa, na ikatua hapahapa Dar.

Proksi si hirizi, lakini. Kosa langu lilikuwa mlango wa hifadhidata, na huo ungefungwa hata bila proksi. Wapo pia wanaosema seva za siku hizi zinaweza kusimama mbele ya dunia zenyewe, na proksi ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Sawa. Ila mimi ningelazimika kuandika, mstari kwa mstari, nini kinatoka nje, na ningejiuliza.

Sasa proksi iko kwenye mashine ndogo ya kukodi, mbali. Ile ya nyumbani inaipigia yenyewe. Kwangu hakuna mlango unaofunguka kwa nje. Kinyerezi tuna mitambo ya umeme wa gesi, lakini mtaani kwetu umeme ukikatika, umekatika. Mwezi uliopita ulikatika usiku, na dada akanipigia kutoka Tanga.

"Kaka, namsikiliza mama hapa."

Mashine yangu ilikuwa imezimika kabisa. Proksi ilikuwa inampa nakala ya akiba.

"Kwenye hii ya tatu," akasema, "kuna neno analisema halafu anacheka. Lina maana gani?"

Niliwahi kuliandika.