Kutoka Taipureta hadi Orodha

Katika Word, ukibonyeza Tab mwanzoni mwa kipengele cha orodha, kinaingia ndani. Ukibonyeza Shift na Tab, kinarudi nje. Majina hayo ni urithi wa taipureta. Shift ya Remington No. 2, mwaka 1878, ilisogeza kwelikweli sehemu iliyobeba karatasi ili ipigwe herufi kubwa. Baadaye ikaja Tab, ya kupanga tarakimu za majedwali katika safu. Mpiga chapa alilazimika kujua mapema lipi kubwa, lipi dogo. Kupanga upya kulimaanisha karatasi mpya. Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani orodha ya manunuzi ikipangwa upya kwenye skrini. Leo tunaandika kwanza, ndipo tunaamua wazo lipi likae chini ya lipi.