Mji Uliotaka Kujikomboa

Msomaji, ukinunua jembe ni lako, na mpini ukivunjika, fundi yeyote atakutilia mwingine. Programu kuu iendeshayo kompyuta haiko hivyo: mwenye kuiunda akiamua kuacha kuitunza, huna budi kununua mpya, hata kama ile ya zamani ingali ikikufaa.

Jambo hilo liliufikia mji wa Munich, Ujerumani. Kompyuta zake, zipatazo 14,000, zilitumia Windows NT 4, ambayo Microsoft ilikaribia kuacha kuitunza. Mwaka wa 2003 baraza la mji lilikata shauri kuhamia Linux, isiyomilikiwa na kampuni moja. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, alikwenda mwenyewe kumsihi meya, asifaulu. Lakini kuhama kulichukua miaka kumi, kwani nyaraka na programu nyingi za ofisini zilikwisha kufungamana na ile ya kwanza. Baadhi ya wafanyakazi walinung'unika, na mwaka wa 2017 baraza likaamua kurudi Windows.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi, kabla hujaingia nyumba ya mtu, utazame kwanza mlango wa kutokea.