Nachingwea ilipotakiwa kulisha Uingereza

Mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika, Waingereza walikuwa bado wanakula kwa kadi ya mgao. Kilichowakaba zaidi kilikuwa mafuta. Wizara yao ya Chakula ilijua kwa hesabu ni kwa nini: tangu mwisho wa karne ya 19, Mmarekani Wilbur Atwater alikuwa ameonyesha kwamba gramu moja ya wanga au ya protini humpa mlaji takriban kalori 4, na gramu ya mafuta 9. Kwa nchi inayoagiza chakula kwa meli, mafuta ndiyo mzigo unaobeba nguvu nyingi katika nafasi ndogo.

Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Gramu 100 za karanga zina kalori zipatazo 570, wakati unga wa mahindi wa uzito huohuo una 360 hivi. Basi Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipopendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta, Waziri wa Chakula John Strachey aliupokea mpango huo, na kabla ya mwaka kwisha serikali ya London ikauidhinisha. Zilipangwa ekari zaidi ya milioni tatu katika mashamba makubwa 107, na zaidi ya nusu ya mashamba hayo yalikuwa ya Kusini, yaani upande wa Nachingwea. Kongwa na Urambo zilipata mafungu madogo, ingawa Kongwa ndiko kazi ilikoanzia na ndiko sifa mbaya ilikobaki.

Kwenye karatasi za mpango, kalori zilitimia. Mvua haikutimia, matrekta yaliyotoka vitani yaliharibika porini, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu hata karanga hazing'oleki. Kusini kulijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea, ya kubeba mavuno yaliyokuwa hayajaonekana. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni za Uingereza zipatazo milioni 36 zikiwa zimezama. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962. Naona kosa kubwa halikuwa la hesabu ya chakula. Walioipiga hawakumuuliza mkulima wa Kusini, ambaye karanga alikuwa akizilima kwa jembe la mkono, mvua hunyesha lini na ardhi ipi huzikubali.

Hesabu ya kalori haikuondoka na Waingereza. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 2008 yakatoka majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, ugali na makopa vikiwemo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo hupima umaskini wa chakula kwa kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku. Katika utafiti wa 2017/18, gharama ya kuzipata ilikadiriwa kuwa shilingi 33,748 kwa mwezi.

Mtu mzima anaweza kuzisogelea kalori hizo kwa gramu 600 za unga, japo kwa unga mtupu atakosa mengine mengi. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi: tumbo lake ni dogo, na uji wa muhogo mwingi wake ni maji. Hapo hesabu iliyotafuta nafasi melini inafaa kuliko ilivyowafaa waliokuja nayo. Kijiko cha karanga au ufuta uliosagwa huongeza nguvu ya kikombe bila kuongeza ujazo wake.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu za karanga, mojawapo ikiitwa Nachingwea 2009. Ufuta wa Ruangwa na Nachingwea huishia ghalani kusubiri mnada, na fedha yake ni muhimu. Hata hivyo, mzazi unayeusafirisha wote, bakiza debe moja la nyumbani. Na karanga zilizoota ukungu zichambue uzitupe kabla ya kusaga.