Sekondari zetu Handeni na Korogwe: masomo yanavyopangwa na mlango unafungwa wapi

Kila Januari naulizwa swali lile lile: mdogo wangu kapangiwa shule ya kata, sasa huko atasoma nini na nani atamsaidia? Nimeona bora niandike yote sehemu moja, ukiulizwa na wewe mtume mtu asome hapa.

Kwanza elewa kwamba shule haijitungii mtaala. Mitaala na vitabu vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE), mitihani inatungwa na NECTA, na shule za serikali zinasimamiwa na TAMISEMI kupitia halmashauri. Huku kwetu halmashauri ni nne: Handeni Wilaya, Handeni Mji, Korogwe Wilaya na Korogwe Mji. Ukifika shuleni mtu wa kumjua ni mwalimu wa taaluma. Huyo ndo anapanga ratiba ya vipindi vya dakika 40 na kugawa nani afundishe nini. Kila mwalimu anatakiwa awe na azimio la kazi na andalio la somo.

Hayo ni ya kwenye makaratasi. Ratiba ya ukutani inaweza kusema Jumanne saa nne ni Fizikia, lakini kama mwalimu wa Fizikia hayupo, Jumanne saa nne mnapiga stori. Shule za kata zilijengwa kwa wingi sana kuanzia mpango wa MMES wa mwaka 2004, na majengo yalitangulia walimu. Maabara ndo zilikuja nyuma kabisa: agizo la Rais Kikwete kwamba kila shule ya kata iwe na maabara lilitoka mwaka 2012. Kwa hiyo ukienda kuuliza shule, usiulize tu "mna sayansi?" Uliza mwalimu wa Fizikia ni nani na anafundisha vidato vingapi.

Kidato cha kwanza tatizo la kwanza ni lugha. Mtoto wa Kwamatuku nyumbani anaongea Kizigua, wa Bungu au Vugiri Kisambaa, na wa Msomera anaweza kuwa na Kimaasai. Miaka yote ya msingi kasoma kwa Kiswahili, halafu ghafla Baiolojia yote ni Kiingereza. Shule huwa zinaanza na wiki kadhaa za kozi ya Kiingereza kabla ya masomo yenyewe. Wengi wanaichukulia kama mapumziko, wanaripoti shule mwezi wa pili wakiwa wameshaikosa. Mimi kwa maoni yangu hizo wiki ni muhimu kuliko sare mpya. Nunua daftari, mpeleke na viatu vya zamani.

Sasa mtaala wenyewe, hapa tuelewane vizuri maana iko miwili kwa wakati mmoja. Waliokuwa wa zamani walikuwa na masomo saba ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia zilikuwa za wote kidato cha kwanza na cha pili, kuanzia cha tatu unachagua. Walioanza kidato cha kwanza mwaka 2025 mkondo wa jumla wako kwenye mtaala mpya. Lazima ni sita: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Jiografia, Elimu ya Biashara, na Historia ya Tanzania na Maadili. Umeona? Baiolojia, Kemia na Fizikia hazimo, ni za kuchagua. Pia kuna mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024 kwenye shule chache, ambako mtoto anasoma fani kama kilimo, ujenzi au umeme pamoja na masomo ya kawaida.

Hapo kwenye kuchagua ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndo sehemu watoto wa huku wanapoumia bila kujua. Kidato cha pili kuna Upimaji wa Taifa, asiyefikisha alama anakariri. Ukipita, unaambiwa chagua: unaendelea na Fizikia na Kemia au unaziacha? Wengi wanaziacha. Mwalimu hakuwepo, maabara ilikuwa ina vumbi, rafiki zake wote wanaenda "arts". Hakuna anayemwambia kitu kimoja: ukitaka diploma ya uuguzi au ya utabibu, vyuo vinataka ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne. Siyo A, hata D inakubalika. Lakini D ya mtihani ambao hukufanya haipo. Binti wa Kabuku anasema toka darasa la tano anataka kuwa nesi, anaacha Fizikia akiwa na miaka kumi na sita, na hajui kwamba siku ile ile kaacha na unesi. Anakuja kujua miaka miwili baadaye yuko cafe anajaza fomu ya chuo. Jamani, D moja! Kwa mtaala mpya swali hili linakuja mapema zaidi, kwa hiyo mzazi au kaka mtu amwone mwalimu wa taaluma mapema, asingoje kuitwa.

Hisabati haiachwi kokote, na ndo inaua watu wengi. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati kidato cha nne kitaifa walikuwa kama mmoja kati ya watano.

Msaada shuleni upo, ila hautangazwi. Kuna vipindi vya ziada asubuhi au jioni, kuna kambi kabla ya mtihani wa taifa, kuna diskasheni za wanafunzi wenyewe, na kila shule inatakiwa iwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Anayekaa mbali, yaani anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, vya jioni vinampita. Wengine wanapanga mageto karibu na shule, na geto kwa binti wa kidato cha pili lina hatari zake, hilo mnalijua. Kama shule ina hosteli ombeni hosteli kwanza.

Na nyie mlio hapa cafe mkiangalia mpira: TIE wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada viko bure, unajisajili tu. NECTA nao kwenye tovuti yao wanaweka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo wanaonyesha swali, wangapi walikosea, walikosea wapi, na jibu zuri lilikuwaje. Kwa mtu asiye na mwalimu wa Kemia hiyo ni karibu sawa na mwalimu. Printi kurasa chache mpelekee mdogo wako, ni bei ya soda.

Kuhusu hela: ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016 (zamani ilikuwa 20,000 kutwa na 70,000 bweni), na ya kidato cha tano na sita ikafutwa mwaka 2022. Chakula cha mchana wazazi ndo wanakubaliana mkutanoni, kwa hiyo nendeni mkutanoni.

Kidato cha nne wanahesabu masomo saba uliyofanya vizuri. Pointi 7 mpaka 17 ni divisheni ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, 22 mpaka 25 ya tatu, 26 mpaka 33 ya nne, zaidi ya hapo sifuri. Kwenda kidato cha tano unahitaji angalau C tatu zisizo za dini na pointi zisizidi 25. C inaanzia 45. Matokeo yakitoka, dirisha la Selform hufunguliwa ubadilishe tahasusi au chuo. Tangu Machi 2024 tahasusi ni 65, zilikuwa 16. Jaza mwenyewe, na neno lako la siri usimwachie mtu wa cafe, hata kama ni mshkaji.

Aliyekatishwa masomo kwa mimba anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida, Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 uko wazi. Mkuu wa shule akizungusha, nenda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri.

La mwisho, wenye wadogo shule ya msingi. Kwa mpango mpya msingi inakuwa miaka sita. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 atamaliza la sita 2027, na aliyekuwa la nne atamaliza la saba mwaka huo huo. Wote wawili wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028, madarasa haya haya na mwalimu wa Fizikia huyu huyu.