Biashara, Shule na Mbiu Katika Usukuma

Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii inatukumbusha kwamba hapo kale, kabla ya karatasi kubandikwa ukutani, jamii zetu zilikuwa na njia zao za kuwapasha watu habari. Tena mbiu ilikuwa na sifa moja ambayo karatasi haina: kila mwenye masikio aliisikia. Karatasi humfaa yule tu ajuaye kusoma. Asiyejua humlazimu kumtegemea mwingine. Makala haya yanaeleza jinsi biashara, shule na matangazo ya serikali yalivyoingia katika Usukuma kuanzia karne ya 19, na jinsi mambo hayo matatu yalivyowagawa watu katika makundi mawili: wenye habari na wasio nazo.

Mtu anayesafiri kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya kwenda Musoma hupita Kisesa, katika wilaya ya Magu. Karibu na hapo ndipo ilipo Bujora, mahali ambapo katika miaka ya 1950 Padre David Clement wa shirika la White Fathers alianzisha makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma akishirikiana na wenyeji. Miongoni mwa vitu vilivyohifadhiwa huko ni ngoma za watemi. Mwanafunzi azitazamapo asidhani kwamba zilikuwa za kuchezea tu. Ngoma ya mtemi ilikuwa alama ya enzi yake na sauti ya utawala wake. Tena palikuwa na mwano, yaani ukelele wa hatari. Aliyeusikia alipaswa kuacha jembe lake na kukimbilia ulikotokea, awe mzee au kijana, tajiri au maskini. Hayo ndiyo yaliyokuwa matangazo ya Usukuma kabla ya kuja kwa wageni.

Njia za biashara

Ni kosa kudhani kwamba biashara ililetwa na wageni. Wasukuma walisafiri kwa makundi kwenda kuchukua chumvi katika ziwa Eyasi, na majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo, upande wa magharibi wa nchi yao, yalibadilishwa kwa nafaka na mifugo. Jembe lenyewe lilitumika kama fedha, hata katika mahari. Biashara ya namna hiyo haikuhitaji hati. Watu walijuana, na neno la mtu lilikuwa dhamana yake.

Katikati ya karne ya 19 biashara ya pwani ilifika ziwani kupitia Tabora. Misafara ilileta shanga, nyaya za shaba, bunduki na vitambaa, ikachukua pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, watu pia. Wasukuma, kama jamaa zao Wanyamwezi, walikuwa wapagazi hodari, na wengi walikwenda hadi pwani na kurudi. Kitambaa kilichopendwa zaidi kiliitwa merikani, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba ikaadimika na kitambaa hicho kikapungua, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikapata nafasi sokoni. Hivyo mkulima wa ufuko wa ziwa alikuwa tayari amefungwa na mambo ya nchi asizozijua, bila kuwa na njia yoyote ya kupata habari zake.

Bandari moja ya biashara hiyo ilikuwa Kageye, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, upande wa kaskazini wa Kisesa. Henry Morton Stanley alifika hapo mwaka 1875 na kupokewa na mtemi Kaduma. Alimkuta huko mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, ambaye alikuwa akijenga jahazi la kufanyia biashara ziwani. Jahazi hilo ndilo lililozusha ugomvi mwishoni mwa mwaka 1877. Songoro aliuawa huko Ukerewe katika mapigano na watu wa mtemi Lukonge, na pamoja naye wakafa wamisionari wawili Waingereza, Smith na O'Neill. Tukio hilo linatuonyesha kwamba mapatano ya mdomo, yaliyowatosha watu waliojuana, yalikuwa dhaifu baina ya wageni na wenyeji wasioaminiana.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na silaha nyingine, nayo ni maandishi. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu, hati za deni na wasia. Kwa hiyo Kiswahili kilifika ziwani kikiwa tayari ni lugha ya kalamu. Lakini kalamu hiyo ilikuwa mikononi mwa wachache, na mpagazi Msukuma aliyebeba mzigo hakujua kilichoandikwa katika barua iliyofungwa humo.

Shule za kwanza

Wamisionari ndio waliofungua madarasa ya kwanza katika eneo hili. Mapadre wa White Fathers walipoondoka Buganda walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Waingereza wa Church Missionary Society nao walikuwa na kituo huko Usambiro, ambako Alexander Mackay alihamia mwaka 1887 baada ya kufukuzwa na Kabaka Mwanga. Mackay alikuwa fundi, naye aliendelea na kazi ya kupiga chapa hadi alipofariki mwaka 1890. Kurasa alizopiga chapa zilikuwa za Kiganda, kwa ajili ya waumini wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1888 wamisionari hao walifungua kituo kingine Nassa, mashariki ya Kisesa, na mwaka 1909 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission.

Elimu ya misheni ilikuwa na shabaha yake. Mtoto alifundishwa kusoma ili asome katekisimu na Injili. Hata hivyo, ajuaye kusoma Injili anaweza pia kusoma hati ya deni na amri ya serikali, na wanafunzi walilitambua jambo hilo upesi. Ndiyo maana katika kizazi kilichofuata vijana waliotoka katika madarasa hayo walitafutwa kuwa makarani, walimu na wakalimani.

Serikali na karatasi zake

Kwa mapatano ya mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu. Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, pamoja na nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda, na ufuko wa kusini wa ziwa ukabaki kwa Wajerumani. Wakati huohuo sotoka iliua ng'ombe wengi mno, na watu wa Usukuma wakaingia katika utawala mpya wakiwa wamedhoofika.

Huko pwani Wajerumani walikuta watu wanaojua kuandika, nao wakalazimika kuandikiana barua na wenyeji kwa herufi za Kiarabu. Lakini hawakuridhika, maana afisa asiyeweza kusoma barua ya mtumishi wake hawezi kumtawala sawasawa. Katika miaka ya 1890 serikali ilifungua shule Tanga, na shule hiyo ikafundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kuanzia mwaka 1904 shule hiyo ilitoa gazeti la Kiongozi, lililochapisha habari na matangazo kwa Kiswahili. Wahitimu walipelekwa katika maboma ya pwani na bara kuwa makarani na walimu. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Mzee wa pwani aliyesoma chuoni na kuandika kwa hati nzuri ya Kiarabu alijikuta ghafla mbele ya karani kijana akihesabiwa kuwa hajui kusoma.

Kwa Msukuma wa kijijini karatasi ya serikali ilikuja zaidi kwa njia ya kodi. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Asiye na rupia alilazimika kuuza mazao au ng'ombe, au kufanya kazi ya ujira. Hivyo kodi ilimsukuma mtu dukani na shambani mwa wengine. Aliyelipa alihitaji ushahidi kwamba amelipa, na aliyenyang'anywa haki yake hakuweza kuonyesha kosa katika maandishi asiyoweza kuyasoma. Mbiu ilimwita mtu akutane na wenzake, lakini amri iliyoandikwa ilimkuta peke yake.

Biashara nayo ilibadilika. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuvuka ziwa. Ngozi, karanga, mpunga na baadaye pamba za Mwanza zikapita katika koloni la Waingereza kwenda baharini, ingawa nchi yenyewe ilikuwa ya Wajerumani. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi wakafungua maduka, na daftari la mwenye duka likawa mahakama ya deni la mkulima.

Ushahidi wa maneno

Lugha yetu imehifadhi historia hii yote. Merikani limetoka Marekani. Pesa na cheti yana asili ya Bara Hindi. Hati na barua yametoka katika Kiarabu. Hela ni jina la sarafu ya Wajerumani, Heller, iliyotolewa kuanzia mwaka 1904, ambapo rupia moja iligawanywa katika hela 100. Neno shule limetokana na Kijerumani, ilhali Unguja na Pemba, zilizokuwa chini ya Waingereza, watu husema skuli. Tofauti hiyo ndogo ya matamshi ni mpaka wa mwaka 1890 unaosikika hadi leo.

Walimu wawaonyeshe wanafunzi jambo moja zaidi. Maneno ya fedha, hati na darasa ni ya kukopa, lakini kutangaza, mbiu na mwano ni maneno yaliyotoka katika lugha zetu za Kibantu. Mkopo huo haukutupunguzia kitu, kwa kuwa Kiswahili kimeyafanya maneno hayo kuwa mali yake. Hata hivyo unatufundisha kwamba desturi ya kumhabarisha kila mtu ni yetu tangu zamani, na haikungojea serikali ya kigeni.

Mizani na kalamu

Waingereza walipoiteka Mwanza mwaka 1916 hawakukitupa Kiswahili. Walikiendeleza katika ofisi na shule, na kuanzia mwaka 1923 wakatoa gazeti la Mambo Leo. Lakini shule ziliendelea kuwa chache. Kilimo cha pamba kilienea Usukuma kote, na mkulima aliyefikisha pamba yake kwa mnunuzi alisimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Akiambiwa uzito, alipokea. Akipewa bei, aliondoka.

Malalamiko ya mizani ndiyo yaliyozaa ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani za wanunuzi, na chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake vyama vya msingi vikaenea vijijini. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Tuzingatie kwamba silaha ya kwanza ya mapambano hayo haikuwa mkuki wala bunduki, bali kijana anayejua kusoma namba.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 taifa lililitambua deni hilo. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya ziwa, uliosaidiwa na UNESCO. Wakulima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu pamba, ng'ombe na uvuvi, yaani kazi zao za kila siku. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 kwa mia nchini walikuwa hawajui kusoma. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39 kwa mia. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wazee waliotia saini zao kwa mara ya kwanza badala ya dole gumba.

Hitimisho

Historia hii inatufunza kwamba duka, shule na tangazo ni mambo yaliyofungamana. Mahali penye duka bila shule, mwenye daftari humdhulumu asiye na daftari. Mahali penye tangazo bila wasomaji, amri huwa mtego. Wajibu wa mwalimu, basi, ni kuifanya karatasi ifanane na mbiu, imfikie kila mtu na kueleweka na kila mtu. Mwanafunzi anayemsomea bibi yake barua ya hospitali au tangazo la kijiji anaendeleza kazi ya ngoma zile zilizotulia Bujora. Siku bibi huyo atakapolisoma tangazo mwenyewe, na kuuliza kwa nini limeandikwa hivyo, kazi hiyo itakuwa imetimia.